Nasaba Tunaijua, Vinasaba Je?

Kaa kwenye baraza lolote la Mkunazini baada ya alasiri, mtaje kijana anayetaka kuposa, halafu nyamaza usikilize. Kahawa haijapoa, watu wameshamfikisha kwa babu wa nne: baba yake wa Malindi, mama yake wa Kwahani, bibi mzaa baba Mngazija, babu mzaa mama aliletwa mdogo kutoka Nyasa, na upo mkono wa Kihadhrami ambao hautajwi sana kwa sababu ya ugomvi wa nyumba. Kwa nasaba, Unguja hatuna mpinzani. Sasa ongeza swali moja tu: hao waliotangulia walikufa kwa maradhi gani? Baraza zima litakohoa. "Tumbo." "Homa tu." "Siku zake zilifika."

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Shangazi yangu, dada wa baba, alifariki nikiwa darasa la tano, na nyumbani tuliambiwa ana kidonda. Ninachokikumbuka ni udi. Alikuwa akijifukiza asubuhi, mchana na usiku, chetezo hakikatiki moshi, na sisi watoto tukidhani shangazi anapenda kunukia. Ilipita zaidi ya miaka ishirini ndipo mama mdogo, siku tunakunja nguo za marehemu mwingine, aliponiambia maana yake. Kila asubuhi shangazi alikunja kipande cha kanga mara nne akakipachika ndani ya sidiria, kwa ajili ya damu na usaha. Udi ulikuwa wa kufunika harufu. Alikuwa na miaka 41. Na mimi nilikuwa nimeshaulizwa na daktari mara mbili kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyepata saratani ya titi, na mara zote mbili nilijibu, tena kwa uhakika: hakuna.

Nawaandikia wale ambao nao wangejibu hakuna.

Kiswahili kimetufanyia hisani hapa. Vile ambavyo wataalamu huviita jeni, sisi tumeviita vinasaba, na ndani yake limo lile neno tunalolipenda. Kinasaba ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila seli ya mwili. Nusu ya maagizo umeyapokea kwa mama, nusu kwa baba. Yapo ambayo kazi yake ni ukarabati. Seli zinajigawa kila siku, zikijigawa zinanakili, zikinakili zinakosea, na vinasaba hivi hupita nyuma kurekebisha. Viwili vinavyojulikana zaidi vimepewa majina BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba cha kwanza kimekaa kwenye kromosomu ya 17. Chenyewe kikapatikana 1994, na cha pili, cha kromosomu ya 13, kikafuata mwaka mmoja baadaye. Mwanamke aliyerithi nakala mbovu ya kimojawapo ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani ya titi kabla hajafika miaka 80. Hatari ya saratani ya mfuko wa mayai nayo hupanda, hasa kwa BRCA1.

Wenye kubeba nakala hizo ni wachache. Inakadiriwa kwamba katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi duniani, watano hadi kumi ndio walioirithi moja kwa moja. Kwetu Afrika hesabu inaonekana kuwa juu zaidi. Profesa Olufunmilayo Olopade, Mnigeria wa Chuo Kikuu cha Chicago, na wenzake waliwapima wanawake wa Nigeria zaidi ya 1,100 waliougua. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha karibu 15 katika kila 100 wana kinasaba cha kurithi kilichoharibika. Utafiti wa Uganda na Cameroon uliochapishwa 2020 ulitoa jibu la kukaribiana. Hata hivyo wanabaki 85 ambao hawakurithi chochote kati ya vilivyopimwa na bado waliugua. Kwa hiyo ukoo usiokuwa na mgonjwa si hirizi, na hili tutalirudia tukifika kwenye donge la titi.

Wataalamu wakisema "wanawake wenye asili ya Afrika", mara nyingi wanakusudia Wamarekani weusi, ambao asili yao kwa wingi ni Afrika Magharibi. Tuwaulize: Afrika ipi? Kuna aina ya saratani ya titi inayoitwa hasi tatu. Haina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala haina ziada ya protini ya HER2, kwa hiyo dawa zinazolenga vitu hivyo, kama tamoksifeni, haziigusi. Ni kali, na haiwahurumii wanawake vijana. Daktari wa upasuaji Lisa Newman na wenzake walipolinganisha wagonjwa, waliikuta kwa zaidi ya nusu ya wanawake wa Ghana waliowapima, lakini kwa Waethiopia ilikuwa kama mmoja katika kila saba.

Mzanzibari tumweke wapi kati ya hao? Mwaka 2023 watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa ya makaburi ya kale ya pwani yetu: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara. Walikuta kwamba tangu karibu mwaka 1000 wazee hao walikuwa wamechanganya damu ya Afrika, iliyopitia zaidi kwa akina mama, na damu ya Uajemi, iliyopitia zaidi kwa akina baba. Kumbe masimulizi ya Washirazi, ambayo wasomi walishayafanyia mzaha, yalikuwa na kitu ndani yake. Juu ya hapo ongeza Oman, Hadhramaut, Kachi, Ngazija, Nyasa na Manyema, ndipo umpate mtu wa Kikwajuni. Hakuna jedwali la Chicago litakalomwambia mwanamke huyu hatari yake ni kiasi gani hasa. Anayeweza kumwambia mengi ni bibi yake.

Basi chukua daftari la skuli, mtafute mtu mzima aliyebaki, na uende na kitu mkononi, maana mazungumzo haya hayafai kwa simu ya dakika mbili. Usimuulize "alikuwa na kansa?" Neno hilo wazee wetu hawakulitumia, na wengi hawakuambiwa jina la maradhi yao hata na daktari. Uliza yaliyoonekana kwa macho. Alikuwa na kidonda kifuani kisichopona? Mkono wake mmoja ulivimba? Aliwahi kukatwa titi? Alivushwa Dar, akalazwa Ocean Road kwenye hospitali ya saratani? Tumbo lilimjaa maji na hali si mjamzito, huku mikono na miguu inakonda? Hilo la mwisho usilidharau. Hivyo ndivyo saratani ya mfuko wa mayai ilivyoonekana kwa watu wasio na kipimo, na nusu ya "tumbo" zinazotajwa barazani sijui zilikuwa nini. Kwa wanaume ulizia saratani ya tezi dume, kwani BRCA2 inahusika nayo pia.

Umri ndio wenye thamani kubwa, na ndio mgumu kupatikana. Ukiuliza alikuwa na miaka mingapi utajibiwa "mtu mzima". Uliza kwa matukio. Mapinduzi yalimkuta ameshaolewa? Alipouawa Mzee Karume, 1972, alikuwa bado anazaa? Ilipozama meli ya Spice Islander, 2011, alikuwa hai? Mama yangu, ambaye hajui mwaka aliozaliwa dada yake, aliniambia bila kusita kwamba dada huyo alikuwa na mimba ya kwanza wakati wa Mapinduzi. Nikapiga hesabu, nikapata.

Wengi wetu huhesabu kukeni peke yake, kwa kuwa titi ni la mwanamke. Hapo ndipo penye shimo. Kinasaba kibovu hupita kuumeni sawasawa na kinavyopita kukeni. Baba anaweza kukibeba umri wake wote asiumwe hata na jino, akamwachia binti yake. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Aliyeangukiwa upande salama hana cha kuwarithisha wanawe. Ukoo uliozaa wanaume watupu unaweza kukificha vizazi viwili, kisha kikachomoza kwa mjukuu wa kike, watu wakasema sihiri. Na wanaume nao hupata saratani ya titi, mara chache. Akiwepo mmoja kwenu, mwandike kwa wino mwekundu.

Katika kuandika, kuna hesabu zetu ambazo hazimo. Ndugu wa kunyonya, ambaye kwa sheria yetu huwezi kuolewa naye, kwa vinasaba ni mtu baki, kwani maziwa hayabebi urithi huu. Mke mwenza wa bibi hayumo hata kama ndiye aliyekulea. Ndugu wa baba mmoja wamo, lakini kwa upande wa baba tu. Na ndoa za binamu, zinazolaumiwa kwa kila kitu, hazizalishi kinasaba hiki. Ila wakioana wawili wanaobeba kosa la BRCA2, mtoto anaweza kuzaliwa na maradhi mazito ya damu, kwa hiyo mwambieni daktari uhusiano wenu bila kuona haya.

Daftari likishajaa, tazama kama limo lolote kati ya mambo haya: aliyeugua titi kabla ya miaka 50, aliyeugua matiti yote mawili, saratani ya mfuko wa mayai kwa mtu yeyote, mwanamume mwenye saratani ya titi, jamaa wawili au watatu wa damu waliougua upande mmoja, au mgonjwa aliyeambiwa ana hasi tatu. Hata moja linatosha kulipeleka daftari lenyewe kwa daktari. Lipeleke kama lilivyo, na mchoro wako wa mishale. Daktari mmoja aliniambia mchoro wa aina ile humwokolea nusu saa ya maswali.

Sasa nije kwenye linalofanya watu wafiche. Mama anajua, shangazi anajua, lakini kuna mabinti watatu ndani hawajaolewa, na nani ataposa kwenye nyumba ya kansa? Nimelisikia hilo kwa watu ninaowaheshimu, na nasema waziwazi kwamba ni dhulma, tena dhulma isiyo na hesabu. Kaka zao wana nafasi ile ile ya kukibeba, na hakuna anayewauliza siku ya kwenda kuposa. Kuna mtu mmoja katika mila zetu ambaye angeweza kulimaliza jambo hili bila kelele, naye ni somo. Anakaa na mwari siku nyingi, anamfundisha mwili wake kuanzia unywele mpaka unyayo, anayazungumza ambayo mama hawezi kuyatamka. Masomo wangu, ongezeni jambo moja: mwari ajue titi lake likiwa zima linafanana vipi, na ajue mashangazi zake walikufa kwa nini.

Kipimo cha vinasaba chenyewe ni cha damu au mate, na si kitu utakachokikuta kwenye kila maabara mjini. Ila sisi tuna jamaa Muscat, London, Toronto, na siku hizi wanatuma vipimo vya mate kama wanavyotuma chokoleti. Kuwa mwangalifu. Kipimo cha kampuni ya 23andMe, kilipoidhinishwa Marekani 2018, kiliangalia makosa matatu tu ya BRCA, yale yanayopatikana hasa kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. BRCA1 na BRCA2 zina makosa yanayojulikana kwa maelfu. Mwanamke wa Jang'ombe akiambiwa na kipimo kama hicho kwamba hana, ameambiwa hana makosa ya watu wengine. Kinachofaa ni kipimo kinachosoma kinasaba chote, kinachoagizwa na daktari, na cha kwanza kupimwa awe yule aliyeugua, akiwa bado yuko hai. Akipatikana na kosa, ombeni barua inayolitaja kosa hilo kwa jina lake kamili. Jamaa wengine watatafutiwa hilo moja tu, kazi ndogo na ya bei ndogo. Kama binamu yako wa Muscat ameshapimwa hospitali, barua hiyo ina thamani kwako kuliko chokoleti.

Majibu huja ya namna tatu: kipo, hakipo, na hatujui. Hili la tatu hutuangukia sisi mara nyingi kuliko Wazungu, kwa kuwa maktaba za vinasaba zimejazwa nao, na Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. "Hatujui" maana yake tofauti imeonekana lakini hakuna anayejua kama ina madhara. Mtu asikatwe titi kwa jibu hilo. Uliza tena baada ya miaka miwili, mitatu. Nyingi zikichunguzwa hugeuka kuwa si kitu.

Aliyeambiwa kipo hajahukumiwa. Kuna wanaochagua kuondoa matiti, na hatari hushuka kwa takriban asilimia 90. Kuna kuondoa mfuko wa mayai baada ya kumaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 45. Kuna kufuatiliwa kwa MRI na mamogramu tangu ujana. Asiyefikiwa na MRI bado ana mikono ya daktari na ultrasaundi, ambayo kwa matiti ya kijana yaliyoshikana huona vizuri kuliko mamogramu. Si sawa na MRI, lakini si bure.

Nilisema tutarudi kwenye donge. Tanzania, wagonjwa wanane hivi katika kila kumi wa saratani ya titi wamekuwa wakifika hospitali ikiwa imeshafika hatua ya tatu au ya nne. Kinasaba hakiwezi kulaumiwa kwa hilo. Uwe na mgonjwa kwenye ukoo au huna, jipapase mara moja kwa mwezi, wiki moja hivi tangu hedhi ilipoanza, titi likiwa laini. Uliyekoma hedhi chagua tarehe, tuseme tarehe mosi ya kila mwezi. Donge la saratani mara nyingi haliumi, na kutouma kwake ndiko kunakodanganya. Angalia na kwapa. Angalia chuchu iliyoingia ndani ambayo jana haikuwa hivyo, au inayotoa damu. Na ngozi: unajua yule muuza machungwa wa Darajani, kabla hajapitisha kisu, ganda linavyokuwa na vitundu vidogo vidogo? Ngozi ya titi ikiwa hivyo, usilale nayo wiki mbili.

Mama anayenyonyesha ndiye anayepotea kirahisi. Ana uvimbe, anaambiwa maziwa yameganda, anakandwa na kitambaa cha moto, anapewa vidonge. Kweli, mara nyingi ni maziwa. Lakini wiki mbili zikipita na uvimbe uko pale pale, arudi na adai ultrasaundi. Wapo pia wanaoniambia, "Nimezaa saba nimenyonyesha wote, langu halina neno." Kunyonyesha kunasaidia kweli: kila miezi 12, ukijumlisha watoto wote, hupunguza hatari kwa kiasi cha asilimia 4. Hupunguza, hakufuti.

Halafu kuna sindano. Sijui nani aliyeeneza kwamba saratani ikichomwa sindano inachachamaa, lakini maneno hayo yameua. Kinyama kidogo kinachochukuliwa kwa sindano ndicho kinachosema kama ni saratani au siyo, na ya aina gani. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa 2021, linataka jibu hilo lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Zihesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani. Na jibu likitoka, usiridhike na neno "saratani". Uliza: vipokezi vya homoni vipo? HER2 ipo? Ni hasi tatu? Omba nakala ya karatasi, na uulize kile kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kimewekwa wapi, kwa sababu kitatakiwa tena.

Kuhusu kombe, yale maji ya aya tunayoyanywa kwa dawa, sikuambii uache. Kunywa kombe ukiwa na tarehe ya kliniki mfukoni.

Anza hospitali yoyote iliyo karibu, Makunduchi, Kivunge au Mnazi Mmoja, na uondoke na karatasi ya rufaa. Kwa miaka mingi mgonjwa wetu wa mionzi amevuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Boti ni saa mbili hivi kutoka bandari ya Malindi, lakini mionzi ni wiki kadhaa, na wengi hukatisha njiani kwa sababu ya mahali pa kulala kuliko kwa sababu ya dawa. Panga hilo mapema: jamaa gani wa Magomeni au Ilala atakupokea, nani atabaki na watoto, mfuko wako wa bima unalipia nini. Funga karatasi zote kwenye bahasha moja ya plastiki. Maji ya bahari hayajui hati ya daktari.

Daftari langu lina majina 37. Kumi na moja bado yana alama ya kuuliza, na anayeyajua amebaki mmoja, shangazi wa baba, yuko Makunduchi, ana miaka inayokaribia 90. Jumamosi nakwenda, nimeshamnunulia kahawa na halua. Wa kwenu yuko wapi, na mtakwenda lini?